Kina cha Msingi

Fomu ya Manispaa ina mstari mmoja tu unaomhusu baba:
*Kina cha msingi uliopo.*
Nikauacha wazi.
Mengine nilijaza: namba ya kiwanja, Pasua,
tofali za inchi sita, bati geji ishirini na nane,
sababu ya mabadiliko: kuongeza ghorofa moja,
vyumba viwili na kibaraza cha kutazamia mlima
siku unapokubali kutazamwa.

Michoro nakala tatu, risiti ya benki, barua ya mtendaji,
na bado akaja mhandisi, Bi Aikaruwa,
buti zina tope la kiwanja cha mtu mwingine.
Akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole
kama anayebisha hodi kwa mgonjwa.
"Nani alijenga?"
Baba.
"Yuko wapi?"
Nikaonyesha juu. Akadhani mbinguni.
Nilimaanisha Uru, kihambani, kwenye migomba.
"Basi tuchimbe," akasema.

Fundi Ndewario alichimba mashimo mawili.
Magharibi, chini ya chumba cha wazazi,
mawe ya mto Karanga, yamepangwa, yamebanana,
yakashuka naye mpaka kiunoni.
Bi Aikaruwa akapiga mluzi.
Mashariki, chini ya dirisha la jikoni,
sururu ilishuka mara tatu tu.
Mstari mmoja wa mawe, kisha udongo,
mwekundu, mtulivu,
kama hakuna aliyewahi kuahidi kitu.

Akapima. Sentimita thelathini na tano.
Akauliza mwaka.
Mama, mlangoni, anachambua maharage,
akautaja bila kuinua macho:
mwaka ule kahawa ilipokosa bei.

Mimi naujua kwa jina jingine.
Kidato cha kwanza. Sanduku jipya la bati, godoro,
ada yote, siku ile ile ya kuripoti;
msichana pekee wa mtaa wetu
ambaye hakurudishwa nyumbani kuifuata.

Ndiyo maana kabati kubwa halikuwahi kuegemea ukuta ule.
Ndiyo maana kila Desemba, kabla ya wageni,
baba alipanda stuli na kopo la chokaa
akaupaka ufa ulioanzia pembe ya dirisha,
akarudi nyuma hatua tatu, akautazama
kama mdai anayeijua njia ya kwako.
Alikuwa anaziba ufa, kweli.
Ukuta aliokuwa anaujenga ulikuwa bwenini,
unakariri jedwali la elementi.

Ghorofa imekataliwa.
Barua fupi, haina hasira:
*msingi hauwezi kubeba uzito unaoombwa.*
Niliisoma mara ya pili nikiwa tayari
kwenye foleni ya fomu nyingine.

"Mnachimba mita moja, mnaruka mita moja,"
alinieleza Bi Aikaruwa.
"Mkifukua pote kwa mpigo, nyumba inawalalia."
Mawe, zege, siku saba za kungoja,
ndipo mita inayofuata.
Malori mawili yatatosha. Nimepiga hesabu;
inakaribia ada ya mtoto wa bweni.

Karani akanirudishia fomu dirishani.
*Sababu ya mabadiliko: kurudisha mawe.*
"Dada, hii ni sababu gani? Andika ya kihandisi."
Nikakata kwa mstari mmoja,
nikaandika chini yake: kuimarisha msingi, upande wa mashariki.
Akapiga muhuri
juu ya yote mawili.