Orodha ya Machi

Duka la Petryshyn lilishavunjwa mlango
na mtu aliyekuwa na haraka kuliko sisi.
Orest anaingia na tochi mdomoni,
mimi na karatasi ya mama mfukoni.
Asiye na orodha, husema mama, hurudi na peremende.

Nje, kwenye shamba la ngano lisilovunwa,
misukule wamesimama wima, wameganda,
theluji mabegani, midomo wazi,
kama nguzo za ua ambao mwenyewe amehama.
Baridi ya Saskatchewan ndiyo mlinzi wetu.
Haidai mshahara. Lakini jana usiku
nilisikia tone la kwanza likianguka kutoka paani,
to!
na sikulala tena.

Haya, tuchague.

Bunduki: Orest anaikumbatia kama ndugu aliyetoka safari.
Risasi kumi na moja. Nahesabu tena; hazijazaana.
Na kila mlio ni mwaliko wa karamu
ambayo kitoweo chake ni sisi.
Iache.
Siiachi.
Basi ibebe mwenyewe.

Msumeno wa mota unakunywa kuliko marehemu babu,
na ukikwama mfupani haujui kuomba radhi.
Upanga wa ukutani unang'aa. Naupinda kwa goti, unakubali.

Ila huu mtaimbo wa kutobolea barafu ya ziwa,
mzito, mnyoofu, bubu,
hauli, haunywi, hauna makuu.
Huu twende nao.

Vifungua kopo viwili (kimoja kitapotea, najua).
Soksi za sufu. Sindano na uzi.
Dawa ya kuhara, maana wengi wetu
hawakufa kwa meno.
Miwani ya akiba ya Orest, ambaye bila miwani
huona kondoo palipo mbwa mwitu.
Chumvi.

Kisha, kwenye makabati ya uwanja wa hoki,
tukavaa pedi za makipa, vifuani na mapajani;
jino la mfu halipenyi unene ule.
Tukatazamana, vifaru wawili wenye haya,
tukacheka mpaka Orest akageuka
nikaona mgongoni: kumi na saba,
na jina lililoshonwa kwa mkono wa mama.

Taras.

Wa tatu kutoka kwenye ghala refu la nafaka,
kofia nyekundu. Tunampita kila siku.
Hatusemi.

Nikaikunjua karatasi hadi mkunjo wa mwisho.
Jina lile lile, chini ya chumvi,
bila idadi, bila kipimo.
Orest akaninyooshea bunduki, mkono unamtetemeka.
Nikatikisa kichwa. Kwa penseli
nikaandika pembeni: sepetu.

"Mbili?"
"Tatu. Ardhi bado ngumu,
na mama hatakubali kutazama tu."