Ufa wa Mama Kavugho

Mimi ni mwashi. Majengo, Katoyi, hadi Ndosho,
kuta nyingi za mawe meusi nimezipanga mimi,
jiwe ambalo mlima uliliteremsha likiwa uji,
likapoa juu ya jiko la dada yangu,
na miaka miwili baadaye nikalivunja kwa nyundo
nikamjengea jiko jingine palepale.

Basi niliposhtakiwa kwa chifu wa avenyu
kwamba ukuta wa Mama Kavugho una ufa
wa kuingia vidole viwili,
kwamba nimekula saruji, nimeikoroga na majivu,
nilining'iniza timazi yangu mbele ya watu.
Uzi ukasema kweli: ukuta umeinama.
Sikuwa na jibu.
Nikaahidi kulipa kwa mafungu hadi Desemba.

Jumanne akaja Nsimire kwa pikipiki,
koti la mvua la njano,
kompyuta kaikumbatia kama mtoto mwenye homa.
Ni mimi niliyejenga nguzo fupi uani mwa shule
ya kubebea kisahani chake cheupe kinachosikiliza mbingu.
(Watoto wanasema kinakamata mpira wa Ulaya.)
Fundi, mbona umenuna?
Nikamweleza habari ya vidole viwili.
Hakucheka. Akafungua picha.

Kuna chombo, alisema, kinapita juu yetu
kila baada ya siku kumi na mbili.
Hakihitaji jua. Kinarusha wimbi, kinangoja mwangwi,
wala mawingu hayakizuii, wala moshi wa mlima.
Kinapima, kinakumbuka, kinaondoka.
Kikirudi kinaiuliza ardhi: bado upo ulipokuwa?
Ikidanganya kwa unene wa ukucha, kinajua.

Nikatazama. Goma ilikuwa imevaa kikwembe cha sikukuu,
pete ndani ya pete, buluu, njano, waridi,
na kila pete, akasema,
ni kidole kimoja na nusu cha kusogea.
Nikatafuta mtaa wetu
kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe
kwenye orodha ya waliofaulu.
Pale pete zinapokatika, mstari.
Unatoka upande wa Munigi, unapita chini ya kanisa,
chini ya kituo cha mafuta, chini ya nyumba saba,
ya tano ni ya Mama Kavugho,
kisha unaingia ziwani bila kuvua viatu.

Ukuta wako hauna kosa, fundi.
Ni chini ndiko kulikofunguka.

Ningeshangilia. Ningempigia chifu simu,
ningedai fungu la Agosti na la Septemba.
Badala yake nikaomba anionyeshe tena.
Nikaiweka timazi mezani kando ya kompyuta,
kipande cha risasi kwenye uzi wa nailoni,
kisichojua njia nyingine ila ya kushuka.
Na huko chini kuna nini?
Hicho hakikioni, alisema.
Kinaona ngozi tu. Homa tunaikisia.

Ningependa kosa liwe langu.
Kosa la fundi lina bei: mifuko miwili ya saruji,
siku mbili, aibu kidogo, basi.

Jioni nilikwenda kwa Mama Kavugho.
Alikuwa anachambua sombe, hakuniitikia hodi.
Ufa sikuuziba.
Nilibandika juu yake kipande chembamba cha kioo,
plasta ukingo huu, plasta ukingo ule,
nikaandika tarehe kwa penseli.
Ndivyo alivyonifundisha baba: ukuta ukitembea,
kioo kitapiga kelele kwanza.

Nini hiyo? aliuliza.
Deni, nikasema. Bado nalipa.

Hesabu yangu, chombo kitarudi Jumapili.
Kitapita juu ya bati lake, juu ya sombe, juu yangu,
na hakitaona kioo. Ni kidogo mno.
Nimemwambia mwanawe, Kambere, yule asiyelala mapema:
ukisikia kitu kimepasuka usiku, usitafute paka.
Mwamshe mama.
Viatu mviweke mlangoni.