Safu ya Mlio

Mashine tuliiunda Mtwara mjini, karakana ya chuo:
visu viwili, springi ya pikipiki, mota ya kuazima.
Tukaipa korosho mia zilizokaukia stoo miezi sita,
tisini zikatoka nzima.
Mhadhiri Hokororo akapiga picha. Tukala pilau.

Newala ikatukatalia.
Saa moja asubuhi, ukungu umelalia mabati ya kiwanda,
mashine inatafuna, inatema vipande,
na meneja Chitanda anahesabu kwa sauti
ili hasara tuisikie kwa masikio yetu.
Nikafungua kompyuta. Nikakaza nati. Nikalegeza nati.
Nikasema "kitaalamu" mara tatu.

Somoe Nankumba, miaka kumi na tisa benchi la kubangulia,
viganja kavipaka majivu,
akaokota korosho moja, akaitikisa sikioni
kama anayesikiliza simu ya mbali.
"Hii bado. Imekunywa ukungu, kiini kimeng'ang'ania ganda.
Hii sasa, sikia, imeachia."
Nikasikia: ko.
Mtu ndani ya nyumba yake, anagonga atoke.

Tukaanika mpaka saa tano.
Nzima, themanini na nane.

Kwenye daftari nikaongeza safu,
baada ya uzito, baada ya unyevu:
mlio. Bubu. Nusu. Ko.
Jopo likauliza, hiyo umeitoa kitabu gani?
Nikaandika: Nankumba, S., mdomo kwa sikio, Newala, mwezi wa kumi.
Wakasema hiyo si rejea.
Tulibishana hadi chai ikaota ngozi.
Ikabaki, kwa herufi ndogo, chini kabisa ya ukurasa.

Siku ya mkataba chuo kikagonga muhuri,
kiwanda kikagonga muhuri.
Nikasema, na yeye.
Feni ikazunguka. Mtu akakohoa.
Kisha wakaleta kidau cha wino.

Akabonyeza dole gumba.
Karatasini likabaki doa, jeusi, laini,
bila mstari hata mmoja:
mafuta ya ganda yalishazila alama zake
kabla mimi sijajua kusoma.

Karani akasema, rudia.
Akarudia.
Doa.

Akacheka, Somoe,
akaigonga meza kwa dole lile lile:
ko.
"Na hiyo je, haisomeki?"