Koni ya Kimya

Saa nane za usiku, Entebbe. Feni imekufa,
Tumuhairwe amelalia daftari la zamu,
na mimi nalikodolea ziwa lililolazwa chali
kwenye kioo cha inchi ishirini na nne.

Hivi ndivyo mnavyoonyeshwa mvua kwenye taarifa ya habari:
bapa, kama chapati iliyoungua upande mmoja.
Kijani ni manyunyu. Njano, anua nguo.
Nyekundu, basi, nyekundu mnaijua.
Zambarau nimeiona mara mbili tu
na mara zote mbili kesho yake kulikuwa na matanga.

Picha bapa haidanganyi, inanyamaza tu.
Inakwambia mvua iko Kome,
haikwambii iko Kome kwa kimo gani:
imeshakanyaga maji, au bado inaning'inia
kilomita tisa juu, barafu mkononi,
kama mtu anayepima uzito wa jiwe kabla hajalirusha.

Nabonyeza. Ziwa linabaki chini, wingu linasimama.

Sahani ya kule nje haizunguki mara moja ikatosha.
Inazunguka imeinamisha uso, inachungulia upeo;
inanyanyua kidevu kidogo, inazunguka;
tena, na tena, hadi shingo igome.
Kila mzunguko unaacha bakuli la mwangwi,
bakuli ndani ya bakuli, kama kabati la mama yangu kule Kumi,
na kati ya bakuli na bakuli
hakuna aliyepaona.
Kompyuta hupajaza kwa kukisia,
rangi laini, bila mshono, bila haya.

Nalizungusha wingu kwa kidole. Nalikata kama ovakado:
ganda la kijani, nyama ya njano,
na juu, juu kabisa, kokwa nyekundu
isiyogusa chini.
Kule kusini, ukungu hafifu unaoelea karibu na maji
si mvua. Ni inzi wa ziwani, mamilioni, wamepanda kuoana.
Mashine haijui inzi na tone. Hapo ndipo ninapolipwa mshahara.

Simu. Ni Lukyamuzi wa Bwerenga, mfyatua matofali,
namba hii sijui aliipewa na nani.
Matofali elfu sita mabichi yamelala nje.
"Nipe neno moja. Nifunike, nisifunike?"
Ninao urefu, upana, kimo,
ninazo na dakika, zinazokimbia pembeni mwa kioo.
Yeye anataka neno moja.
"Funika."
"Una hakika kiasi gani?"
"Funika, Lukyamuzi."

Nusu saa. Kokwa imeshuka, imenenepa, inakuja,
kisha inapinda, Bwerenga inaiacha mkono wa kulia,
inatambaa kwenye kioo kuelekea katikati, kuelekea kwetu,
na hapo inaanza kuliwa.
Kwanza kichwa. Kisha mabega.

Waliosema nyani haoni kundule
hawakuwahi kukutana na rada.
Inaona mpaka Masaka, inaona mbawa za inzi,
utosi wake haiuoni; shingo haifiki huko.
Vitabu vinapaita koni ya kimya:
tundu jeusi, limesimama wima juu ya paa letu,
na kwenye tundu hilo, usiku huu, picha inasema
hakuna kitu.

Tone la kwanza linapiga bati kama sarafu.
La pili. Halafu mawe.
Tumuhairwe anakurupuka, karatasi imemganda shavuni,
anakimbilia kioo, analizungusha, analipindua,
"Iko wapi? Mbona siioni?"

Simu tena. Lukyamuzi, kwa sauti ya mtu aliyebeba turubai bure:
"Huku nyota zimejaa. Hiyo mvua yako iko wapi?"

Sikuwa na kipimo cha kumpa.
Nikainyanyua simu juu, kuelekea batini,
nikaiacha isikilize.