Panama ya Gati Namba Tano

Wiki hii meli tatu nimezigongea mhuri,
zote tezini zimeandikwa Panama.
Ngano, mbolea, magari ya mtumba.
Nikamuuliza baharia, Mfilipino mwenye jino la dhahabu:
Kwenu kukoje?
Akacheka. Panama? Hata sijawahi kufika.

Basi nikaisaka usiku, Mtoni kwa Azizi Ali,
kwenye kitabu cha nchi za dunia
nilichouziwa Kariakoo bila jalada.
Kumbe kofia ya Panama husukwa Ekwado.
Kumbe nchi imejipinda kama nyoka aliyelala,
kuna mahali jua huchomoza Pasifiki
likaenda kuzama Atlantiki.
Meli hukwezwa kwa maji, ngazi kwa ngazi,
mita ishirini na sita juu ya bahari.
Mtu mmoja aliuogelea mfereji mzima,
wakampima uzito kama shehena,
wakamtoza senti thelathini na sita.
Karani mwenzangu huyo aliyemwandikia risiti!

Nikafunua ukurasa wa mbu.
Wafaransa walikuja na baruti na mitambo,
mbu akawarudisha kwao.
Maelfu wakabaki udongoni,
wengi wao watu weusi wa visiwani
waliofuata mshahara wa koleo.

Nikainuka, nikachomeka vizuri
chandarua cha Sikitu, mwanangu.

Asubuhi jua limetokea Kigamboni, palepale pake.
Meli ya nne imefunga kamba. Tezini: Panama.
Mhuri nimeushusha taratibu,
kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye msiba.