Chumba B

Saa moja asubuhi, mjini Oulu,
na asubuhi haipo.
Lugha yangu huhesabu saa tangu kuchomoza kwa jua;
hapa saa imetangulia, jua lingali limelala.
Litakuja saa nne na nusu, limejitanda kijivu,
na saa nane mchana litakuwa limekwisha kuaga
kama mgeni aliyeacha teksi ikinguruma mlangoni.

Tuulikki anakung'uta theluji viatuni, anaingia maabara.
Yeye ndiye mgawa siku.
Chumba A: saa kumi na sita za taa.
Chumba B: saa nane, kisha giza
kwa swichi moja, bila machweo.
Panya wa kote kuwili wana kitufe kilekile,
na ukibonyeza, hudondoka tone la maji ya sukari.

Nambari Thelathini na Moja, wa Chumba B,
mwezi Oktoba alibonyeza, akanywa, akajilamba ndevu.
Desemba anabonyeza bado,
tena kuliko zamani,
ila tone likidondoka, hageuki.
Tuulikki anaandika: *Mibonyezo, 212. Matone yaliyonywewa, 40.*
Kalamu inasita.

Daktari Saarelma alishamwambia, akitafuna mkate wa shayiri:
dopamini si asali,
ni mkono unaonyooka kuelekea mzinga.
Siku zikifupika, huenda chembe fulani za ubongo
zikabadili kazi,
kama fundi aliyefunga karakana akaenda kulinda ghala.

Hamu, utamu.
Kiswahili kimeyalaza maneno haya kitanda kimoja,
na majira ya baridi
hupita hapohapo katikati.

Nyumbani, Oiva anakwangua kadi za bahati nasibu
kwa kijiko cha chai.
Novemba alikuwa akipuliza lile vumbi la fedha na kucheka.
Sasa anakwangua, anatupa, anakwangua.
Jana Tuulikki aliokota moja chini ya kikombe,
duara la kahawa limeizunguka namba.
"Oiva, umeshinda. Euro hamsini."
"Niliona," akasema,
akavaa koti, akaenda kununua nyingine.

Asije mtu akadhani mwanga ni malaika.
Juni, usiku usioiva,
mwanamume huyuhuyu alipaka rangi banda la sauna saa nane za usiku,
akaagiza kwa simu mizinga minne ya nyuki,
yeye asiyejua nyuki hata kwa kuumwa.
Ilifika. Ipo nyuma ya banda hadi leo,
imejaa theluji mpaka mdomoni.

Jioni, zamu ya mwisho.
Kidole cha Tuulikki kiko juu ya swichi ya Chumba B.
Saa moja tu ya ziada. Nani angejua?
Thelathini na Moja amesimama kwa miguu ya nyuma,
anamtazama, au anatazama taa.
Tuulikki anahesabu pumzi tatu.
Anazima.

Lakini njiani anapitia dukani,
anarudi na taa pana, nyeupe kama ukurasa,
anaiweka mezani mbele ya uji.
Nusu saa kila asubuhi, anamwambia mumewe,
wala haahidi kitu.
"Inaniumiza macho," Oiva analalamika siku ya kwanza.
Siku ya nne anaipa mgongo.
Siku ya tisa anakula bila kusema,
mkono ukienda na kurudi, kitufe na tone, kitufe na tone,
na Tuulikki anaogopa kutazama.

Kisha, Januari, katikati ya wiki isiyo na jina,
kijiko kinasimama hewani.
Oiva amekunja uso.
"Leo umezidisha chumvi."

Tuulikki hajibu.
Anavuta kadi iliyokwanguliwa, anaigeuza nyuma,
na kwa mwandiko wa maabara, ulionyooka, usiotetemeka sana, anaandika:
*Tarehe kumi na tisa. Chumvi.*