Karani wa Mingoyo

Karani mwenzangu,
ulimi wako ulikuwa wa zambarau.
Hilo ndilo alilolikumbuka mama yake bibi,
kigori aliyekuuzia mihogo ya kuchoma
kwa heleri za Mdachi, na wewe
hukujua kama bado ni pesa.
Mzungu mwembamba, miwani imefungwa uzi,
analamba ncha ya kalamu ya kopi
kila anapoanza jina jipya.

Jina?
Audu.
Audu wa wapi?
Kano.
Ukaandika: Audu Kano. Nyuma yake
Audu Kano mwingine, na wa tatu,
na Mamman Zaria, na Garba asiyetaja mji,
watu waliozungushwa bara zima kwa meli
kuja kupigania mto Lukuledi
ambao kwao hata jina lake hawakuwahi kulisikia.

Ulijifunza salamu yao. Sannu, sannu.
Ukatuamkia nayo hata sisi tuliokuletea kuni,
ukidhani weusi wote wamenyonya ziwa moja.
Tulicheka mpaka jioni.
Mama yake bibi aliizeeka nayo: sannu,
akiwaambia kuku wake asubuhi.

Kisha Mahiwa.
Siku nne mizinga ilinguruma huko juu
na vitoroli vya reli vikawa vinateremka kutoka Mtama
vimejaa, vinavuja.
Ulipanga meza penye kivuli cha turubai,
ukafungua daftari, ukatoa rula.
Rula, karani! Mkono ulikuwa unatetemeka,
mistari ikatoka imenyooka.

Siku ya tano akaja mtu, bandeji shingoni,
akasimama mbele yako bila kupiga saluti.
Kwa mkalimani akasema: huyu uliyemkata ni mimi.
Aliyekufa ni yule mwingine,
mwenye kovu la jembe hapa, juu ya jicho,
aliyekuwa akiimba akifunga viatu.
Ukalowesha kidole ufute.
Kalamu ya kopi haifutiki, sote tunajua,
ukiilowesha ndiyo kwanza inakolea.
Basi akaendelea kula posho ya maiti
hadi meli ilipokuja kuwachukua,
na wewe, wanasema, ulikuwa unampakulia mwenyewe,
humwangalii usoni.

Hayo ya askari.
Wapagazi hukuwa na safu yao.
Kariakoo, kabla halijawa soko,
lilikuwa ni shingo za watu wetu chini ya masanduku ya risasi.
Malibiche, kaka yake mama yake bibi,
alivishwa kibati, elfu nne mia moja kumi na saba,
akapanda Nyangao na gunia la mchele
asiloruhusiwa kulifungua.
Uliandika: mizigo imefika, pungufu mmoja.
Pungufu lipi, karani? La gunia, au la mtu?

Sikulaumu sana. Ningekulaumu
lau nisingekuwa na meza yangu hapa ofisi ya kata,
penye feni inayozungusha joto,
na muhuri, na foleni.
Mwaka juzi nilimwandika mtoto wa watu Hamisa
naye ni Hamisi. Mama yake amepanda bodaboda mara sita
akitafuta kurekebishiwa, na mara ya sita
nilimwambia aende Lindi mjini.
Aliitikia tu. Akakunja karatasi yake mara nne
akaitia kwenye kanga.

Kibati kilirudi. Malibiche hakurudi.
Alikileta mpagazi mwenziwe, amekifunga kwenye jani la mgomba,
na nyumbani tunacho mpaka leo, kwenye kopo la chai,
namba ya kwanza imeliwa na kutu:
mia moja kumi na saba, anasomeka sasa,
kama aliyepandishwa cheo.

Leo asubuhi ameingia mzee kutoka Nyengedi,
anataka cheti cha kuzaliwa, miaka sabini na nne hana.
Jina?
Akataja.
La baba? Akataja. La babu?
Fomu haina nafasi ya babu.
Nilikuwa nimeshashika rula.
Nikaiweka chini, nikamsogezea kiti,
nikamwambia, hebu lirudie, taratibu,
nami nikaandika pembeni, juu, hadi kwenye mgongo wa karatasi,
na kalamu hii ya wino, isiyohitaji mate,
nikajikuta ninailamba.